Soma Korongo Kama Unavyosoma Mti: Somo la Maumbo Yanayojirudia Shambani

Somo la leo ni refu kidogo, lakini nakuomba ulisome mpaka mwisho, hasa wewe unayelima kwenye miteremko ya huku kwetu Wampembe. Na ukiwa na mtoto anayesoma sekondari, msomee pia, maana ndani yake kuna hesabu kidogo.

Nianze na picha mbili.

Msimu uliopita nilipiga picha mbili kwa simu, siku moja, shamba moja. Ya kwanza nilisimama kwenye barabara inayoshuka kutoka juu Ufipa, nikaupiga mteremko mzima wa upande wa pili. Ya pili niliinama nikapiga udongo uliokuwa mbele ya kiatu changu. Jioni nikamwonyesha mwenzangu, naye ni bwana shamba wa kata nyingine, nikamuuliza: hapa korongo kubwa ni lipi? Akaangalia, akaivuta ile picha kwa vidole, akaonyesha ya pili. "Hili ndo baya kabisa. Ng'ombe akidumbukia humu hatoki."

Kumbe "korongo" hilo lilikuwa na urefu wa kiganja changu. Kilikuwa kimchirizi kilichochorwa na mvua ya jana yake. Hata sisimizi alikuwa anakivuka bila shida.

Mwenzangu si mjinga. Kilichomdanganya ni kwamba mchirizi wa kiganja na korongo la mlima vina umbo moja. Vyote vina shina, shina lina matawi, matawi yana vitawi. Kama hujaweka kitu cha kulinganisha, kama jembe au ndala, huwezi kujua unaangalia kipi. Tangu siku hiyo kila nikipiga picha ya mmomonyoko, natupa jembe pembeni.

Sasa twende taratibu, maana jambo hili limeshanigharimu. Au niseme ukweli, lilimgharimu mtu mwingine kwa ushauri wangu.

KOSA LANGU

Kuna mama mmoja hapa anayelima muhogo, kama ekari mbili, kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Chini ya shamba lake korongo lilikuwa limechimbika, kila mwaka linapanda juu kidogo na kula mistari ya muhogo. Akaniita. Nikaenda, nikasimama pale chini ambapo korongo ni pana, nikamwambia: mama, jaza viroba vya mchanga, ziba hapa mdomoni, maji yatatulia.

Akanunua viroba. Akalipa vijana wa kujaza na kubeba. Hela yenyewe ilikuwa ya makopa, aliitunza kwa ajili ya mabati ya nyumba yake.

Januari ikanyesha mvua moja ya usiku. Asubuhi nikapigiwa simu. Maji yalifika kwenye viroba, yakakosa njia, yakazunguka pembeni na kukata udongo ambao ulikuwa haujaguswa. Korongo likawa na midomo miwili badala ya mmoja. Mistari mitatu ya muhogo imeondoka. Viroba vingine tulivikuta ufukweni, vimepasuka.

Yule mama hakugomba. Aliniangalia tu akasema, "Bwana shamba, mabati yangu yako ziwani."

Neno hilo nilitembea nalo muda mrefu. Nilikosea kwa sababu niliangalia korongo kama shimo, na shimo unalijaza. Korongo si shimo. Ni mti uliolala chini, na mimi nilikuwa napambana na shina wakati matawi yote yanaendelea kulilisha.

UMBO LINALOJIRUDIA NI NINI?

Chuma jani la mpapai. Limegawanyika kama vidole. Ukiangalia kidole kimoja, nacho kimegawanyika vidole vidogo pembeni. Sasa liinue juani uangalie mishipa yake. Mshipa mkubwa unatoa mishipa midogo, na hiyo midogo inatoa mingine midogo zaidi, mpaka jicho linachoka.

Nenda kwenye mwembe. Shina linagawanyika matawi makubwa, tawi kubwa linagawanyika matawi madogo, mpaka vijiti vinavyobeba majani. Kata tawi moja lenye vitawi vyake, lisimamishe kwenye mchanga, ukae mbali kidogo. Utaona mwembe mdogo.

Ukichinja mbuzi, usitupe mapafu kabla ya kuyaangalia. Koo la hewa linaingia likiwa bomba moja, linagawanyika mawili, kila moja linagawanyika tena. Kwa binadamu mgawanyiko huo unarudiwa takribani mara 23 mpaka hewa ifike kwenye vifuko vidogo kabisa. Radi inapopiga usiku juu ya ziwa, angalia: nayo ina matawi. Ng'oa mche wa mahindi taratibu, ukung'ute udongo kwenye mizizi. Ni hivyo hivyo.

Umbo la namna hii, ambalo kipande chake kidogo kinafanana na kitu kizima, wataalamu wanaliita fraktali. Jina hilo lilitungwa mwaka 1975 na mwanahisabati Benoit Mandelbrot, mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Ufaransa na Marekani. Alilitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichovunjika. Hoja yake ilikuwa rahisi: shuleni tunafundishwa duara, pembetatu na mstari ulionyooka, lakini mlima si pembetatu, wingu si duara, na mto haunyooki. Vitu vya asili vimekatikakatika, ila kukatika kwenyewe kuna utaratibu.

Usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Mtafiti wa Marekani, Ron Eglash, alitoa kitabu mwaka 1999 kuhusu maumbo haya katika Afrika. Aliyakuta kwenye ususi wa nywele, kwenye vitambaa na kwenye mpangilio wa vijiji. Mfano wake mmoja ni wa jirani zetu wa Zambia, Waila: nyumba zinapangwa kwa mduara kuunda boma la familia, na maboma nayo yanapangwa kwa mduara kuunda kijiji. Kijiji kizima kinafanana na boma moja lililokuzwa.

Angalizo mbili kabla hatujaendelea. Kwanza, si kila kinachojirudia ni fraktali. Mistari ya matuta inajirudia, lakini yote ina ukubwa mmoja. Tunachotafuta ni umbo lile lile kwa ukubwa tofauti. Pili, kwenye asili kujirudia kuna mwisho. Mwembe una ngazi chache za matawi, kisha unafika kwenye jani. Wala tawi halilingani na mti kama picha ya fotokopi. Linafanana, basi.

KWA NINI VITU VINAJIGAWA HIVI?

Kwa sababu kujigawa ndiyo njia rahisi ya kufika kila mahali kwa kutumia njia chache. Mzizi unataka kugusa udongo mwingi iwezekanavyo. Ungekuwa mnene na mmoja kama mti wa mwichi, ungegusa udongo kidogo sana. Ukijigawa mara nyingi, unaingia kila kona.

Kuna mfano mzuri hapa hapa ufukweni. Ukitaka kupima ukingo wa ziwa kutoka kijiji kimoja hadi kingine, chukua kamba ya mita 100 uivute kutoka ncha hadi ncha. Utapata namba fulani. Rudi upime kwa hatua za miguu, ukifuata kila kona na kila jiwe. Utapata namba kubwa zaidi. Pima kwa rula, inaongezeka tena. Mandelbrot aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1967 akitumia pwani ya Uingereza. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, lakini ukingo wake ukiuzunguka unatajwa kuwa zaidi ya kilomita 1,800, na ukipima kwa kijiti kifupi zaidi utapata zaidi.

Hii inamhusu vipi mkulima? Inamhusu kwa sababu ukingo wa korongo nao ni hivyo hivyo. Korongo lililonyooka lina kingo mbili. Korongo lenye matawi mengi lina kingo nyingi sana ndani ya shamba lile lile, na ukingo ndipo udongo unapodondoka. Kila tawi jipya ni ukingo mpya, na kila ukingo unaweza kuzaa tawi.

Mzizi unajigawa ili uingize. Korongo linajigawa likitoa. Umbo ni moja, ila moja linakulisha na lingine linakufilisi.

KUHESABU MATAWI

Baada ya ile aibu ya viroba, nilirudi kwa yule mama msimu uliofuata, siku mvua ilipokatika. Safari hii sikusimama chini. Nilimwomba tuanzie juu kabisa ya shamba, tushuke tukihesabu. Alikubali, ingawa aliniuliza kama na kuhesabu nako kuna gharama.

Njia ya kuhesabu inatokana na kazi ya mhandisi wa maji wa Marekani, Robert Horton, aliyeiandika mwaka 1945. Baadaye Arthur Strahler akairahisisha. Inakwenda hivi:

Mchirizi ambao haujapokea mwingine ni ngazi ya 1. Michirizi miwili ya ngazi ya 1 ikikutana, inazaa kijifereji cha ngazi ya 2. Vijifereji viwili vya ngazi ya 2 vikikutana, vinazaa mfereji wa ngazi ya 3. Mifereji miwili ya ngazi ya 3 ikikutana, hapo ndo korongo, ngazi ya 4. Kama mchirizi mdogo ukiingia kwenye mfereji mkubwa, mfereji unabaki na ngazi yake.

Tulihesabu kwa punje za mahindi, kila ngazi na mfuko wake. Tukapata michirizi 38, vijifereji 9, mifereji 2, na korongo 1.

Angalia hizo namba. Kutoka 38 kwenda 9 ni kama kugawa kwa 4. Kutoka 9 kwenda 2 ni karibu hivyo hivyo. Kwenye mito mingi duniani, ukigawa idadi ya ngazi moja kwa idadi ya ngazi inayofuata, jibu mara nyingi linaangukia kati ya 3 na 5. Shamba la muhogo la ekari mbili linafuata desturi ile ile ya mito mikubwa.

Yule mama alimwaga punje za mfuko wa kwanza kwenye kanga yake, akaziangalia. Halafu akachukua ile punje moja ya korongo akaiweka pembeni. "Kwa hiyo," akasema, "mwaka jana tulipigana na huyu mmoja, hawa 38 tukawaacha."

Sikuwa na la kujibu. Hiyo sentensi yake ndiyo somo zima la leo.

Sababu yake ni hii. Kwenye mchirizi wa ngazi ya 1 maji ni kidogo na yanakwenda polepole. Fungu la nyasi linayasimamisha. Kila yanapokutana na mengine, yanaongezeka wingi na mwendo, na maji yakiongeza mwendo mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara nne. Yakifika kwenye korongo, kiroba cha mchanga ni kama kofia. Kazi ambayo mtoto angeifanya kwa jembe kule juu, chini inataka mhandisi na saruji.

TULICHOFANYA, NGAZI KWA NGAZI

Hapa chukua daftari.

1. Tafuta chanzo kwanza. Panda mpaka juu ya shamba, hata nje ya mpaka wako. Kwa yule mama, michirizi mingi ilianzia kwenye njia ya miguu inayokatiza juu ya shamba. Yeye ndiye aliyeigundua, mimi niliivuka bila kuiona. Njia imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, maji hayazami, yanamwagika shambani kila penye kona. Tulikaa na majirani, tukaweka vituta vidogo vya kukingama njiani ili maji yatoke kidogo kidogo kwenda kwenye majani, yasishuke yote kwa pamoja.

2. Ngazi ya 1: usichimbe kitu. Funika tu. Tandaza majani, mabua na mabaki ya palizi. Acha kuchoma. Shamba likichomwa Septemba linabaki uchi Novemba mvua zinapoanza, na tone la mvua likipiga udongo uliofunikwa halina madhara kama likipiga udongo mtupu. Matuta yakate mteremko, yasishuke nao. Tuta linaloshuka ni mfereji uliochimba mwenyewe kwa jasho lako.

3. Pima kontua kwa fremu ya A. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge pamoja juu, ipanue miguu, ufunge mti wa tatu katikati iwe kama herufi A. Juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa ule mti wa katikati. Geuza miguu, mguu wa kulia ukae pale pale ulipokuwa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nayo ukikingama mteremko, kila kamba inapotulia katikati unapigilia kijiti. Vijiti hivyo ndiyo mstari wako.

4. Panda ukanda wa majani kwenye mstari huo. Mabingobingo kama una mifugo, vetiva kama unaipata, hata mananasi yaliyobanana yanasaidia na unauza. Umbali kati ya mstari na mstari: simama kwenye mstari wa chini, tazama mbele bila kuinua wala kuinamisha macho. Pale macho yanapogonga mteremko, weka mstari unaofuata. Mteremko ukiwa mkali, mistari itakaribiana yenyewe.

5. Ngazi ya 2: vizuizi vya vijiti. Pigilia vijiti vya urefu wa goti kukingama kijifereji, sukia matawi kama unasuka uzio. Maji yapite, udongo ubaki. Usizibe kabisa, nimeshakwambia kilichotokea nilipoziba.

6. Ngazi ya 3: mawe. Panga mawe kukingama mfereji, yaingie kwenye kingo zote mbili ili maji yasizunguke pembeni. Katikati pawe chini kuliko pembeni, maji yapite hapo. Chini ya kizuizi tandika mawe mengine ili maji yakidondoka yasichimbe. Kizuizi cha chini kijengwe mahali ambapo kichwa chake kiko usawa mmoja na mguu wa kizuizi cha juu yake.

7. Ngazi ya 4: korongo lenyewe liache kwanza. Zungushia mifugo isiingie, acha majani yaote, panda matete kwenye sakafu yake. Utalirudia matawi yake yakishapungua nguvu.

Msimu wa kwanza wa kazi hiyo tulipohesabu tena, michirizi mingi ilikuwa imejifuta kwa palizi na matandazo. Vijifereji karibu vyote vilikuwa vimejaa udongo nyuma ya vijiti. Korongo bado lipo, siwezi kukudanganya. Ila halikupanda juu hata hatua moja, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakupoteza mstari wa muhogo.

WAZEE WA JUU WALISHALIJUA

Kwa wale mliotoka juu Ufipa, hili si geni. Angalieni ntumba. Mvua zikielekea mwisho, wazee wanakata nyasi kwa jembe, wanazilundika na kuzifunika udongo, linakuwa kichuguu. Nyasi zinaoza ndani. Juu yake yanapandwa maharage, na msimu unaofuata vichuguu vinatawanywa, unapandwa ulezi au mahindi.

Watu wengi wanaisifia ntumba kwa rutuba tu. Lakini iangalie kwa jicho la maji. Mvua inayoanguka shambani inakuta vilima vidogo vingi na vibonde vingi kati yake. Hakuna maji yanayopata nafasi ya kukimbia mbali, kwa hiyo hayapati nafasi ya kuungana. Mti wa korongo unakatwa kabla haujatoa hata kitawi. Kwenye miteremko mikali ya huku chini ntumba peke yake haitoshi, ichanganye na mistari ya kontua. Akili yake ni ile ile.

JICHO HILI LITUMIE NA KWENYE JANI

Ukishazoea kutazama matawi, litumie kukagua muhogo. Ugonjwa wa michirizi kahawia unawapiga wengi bila kujua, kwa sababu shina na majani yanaweza kuonekana mazima kumbe mizizi inaoza. Usiangalie majani machanga ya juu. Chuma jani lililokomaa, la chini. Liinue juani. Usiishie kwenye mshipa mkubwa, fuata mishipa midogo inayotoka humo, na ile midogo zaidi. Njano ikitambaa kandokando ya mishipa hiyo midogo kama manyoya, shuku ugonjwa, ng'oa shina moja upasue muhogo. Ukiona makovu ya kahawia ndani, usichukue pingili za mbegu kwenye shamba hilo, wala usimpe jirani.

Batobato ni tofauti. Yenyewe inaonekana zaidi kwenye majani machanga, yanakunjamana na kuwa na mabaka. Ukitaka kuijua, juu ndiko pa kuangalia.

MTI MKUBWA AMBAO SISI NI VIJITI VYAKE

Nimalizie na jambo ambalo linanifanya nisilichukulie hili kama suala la shamba moja.

Uwanda wa Ufipa kwa sehemu kubwa uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu liko kama mita 770. Maji yanashuka kimo chote hicho kwa umbali mfupi. Yanayoangukia upande wa mashariki wa uwanda yanakwenda Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea. Yanayoangukia upande wetu yanaingia Tanganyika. Na Tanganyika inatokea upande wa pili, Kalemie nchini Kongo, kwa mto Lukuga. Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba inakuwa mto Kongo, na Kongo inamwaga bahari ya Atlantiki.

Kwa hiyo mchirizi wa kiganja niliopiga picha ni kitawi cha mwisho kabisa cha moja ya miti mikubwa ya maji duniani. Ila udongo haufiki Atlantiki. Unabaki hapa, unatua kwenye mawe ya ufukweni. Na mawe hayo ndiyo malisho na mazalia ya samaki wengi wadogo wa ziwa hili, ambao wengine hawapatikani popote pengine. Mawe yakifunikwa na tope, samaki wale wanakosa chakula na mahali pa kutagia. Hapa kwetu mwenye shamba na mwenye mtumbwi mara nyingi ni ndugu, au ni mtu huyo huyo. Ukipoteza udongo juu, unaharibu jiko lako la chini.

KAZI YA NYUMBANI

Mvua ijayo ikikatika, kabla jua halijakausha alama, panda juu ya shamba lako na punje za mahindi na mifuko minne. Hesabu ngazi ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4. Andika. Kisha jiulize swali moja: nguvu zangu na hela yangu mwaka huu nimezipeleka ngazi ipi? Kama umezipeleka ya 4 na ya 1 umeiacha, njoo tuzungumze kabla hujanunua viroba.

Yule mama amenipa ruhusa niandike habari hii kwa sharti nisitaje jina lake. Mabati bado hajanunua. Muhogo wa mwaka huu uko vizuri, na juzi alinipigia simu kuniambia kuna mchirizi mpya umeanza karibu na mgomba wake wa mwisho, anaomba niende. Nilipofika nikakuta ameshaufunika mwenyewe kwa majani.

"Nimekuita uone tu," akasema.

Tukutane somo lijalo. Kazi njema.